Mgongo wa Kapera

Gari jeusi la kampuni lilivutwa na farasi mmoja mzee, na kila mwanamke wa Namba Sita, mtaa wa wachimbaji makaa, alilijua kwa mlio wa gurudumu lake bovu. Lilipotoka mgodini na kuingia mtaani kwetu, wanawake wote walitoka vibarazani wakasimama wameshika aproni zao, na kila mmoja akamwomba Mungu jambo lilelile: lipite. Lipite hapa, lisimame kwa jirani. Ni sala mbaya, najua. Kampuni ndiyo iliyotufundisha kusali hivyo, na mpaka leo sijaisamehe.

Siku ile lilisimama kwetu.

Wanaume wawili walishuka bila haraka, wakamteremsha mtu aliyefunikwa turubai, wakamlaza kwenye mbao za kibaraza, palepale tulipokuwa tunaanikia viatu. Nyuma yao alikuja nyapara Pritchard, kofia kichwani.

"Hapa ni kwa Andy Sable?"

"Hapa ni kwa Ondrej Sabol," mama alisema.

"Ndiyo huyohuyo."

Baba aliitwa Ondrej Sabol tangu kubatizwa, lakini siku ya kwanza kuandikishwa kazi karani alisema hana muda wa majina ya namna hiyo, akamtengenezea jingine. Karibu kila Mslovakia wa mtaa wetu alikuwa na majina mawili, moja la kuitia nyumbani na jingine la kuvunjikia mgongo.

"Usimfunue uso," Pritchard alisema. "Jiwe limemwangukia. Tumemtambua kwa kibati, kilikuwa kwenye mfuko wa koti lake."

Kila mchimbaji alichukua kibati chake cha shaba ubaoni asubuhi akishuka, na kukirudisha jioni akitoka. Kwa hesabu ya kampuni, mtu alikuwa kile kibati.

"Vibati vingine vyote vimerudi," Pritchard aliendelea. "Huyu ndiye wa mwisho. Tumemaliza. Jeneza litaletwa kesho asubuhi, kampuni inakupa bure. Na kuhusu nyumba, utaratibu unaujua mwenyewe. Nyumba ni ya mtu anayeshuka mgodini. Si una mpangaji hapa, yule kijana wa kikohozi? Mlete ofisini aandikishwe. Hapo mtakaa."

"Jurko," mama alisema.

"Huyohuyo. Pole, mama." Pole yenyewe aliitoa akiwa ameshageuza mgongo.

Mama hakulia. Alilitazama lile koti lililochungulia chini ya turubai. Kiraka cha kiwikoni alikishona yeye mwenyewe Jumapili iliyopita, kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha, na baba akamtania kwamba sasa atashuka mgodini kama kardinali. Akanigeukia.

"Ilona, mwite Jurko atusaidie kumwingiza baba yako."

Nilikimbia chumba cha nyuma. Kitanda cha Jurko kilikuwa kitupu na blanketi limeanguka chini. Asubuhi ile alikuwa amekohoa mpaka akatema damu, na baba akamkataza kushuka. King'ora kilipolia, mtaa mzima ulikimbilia mgodini, basi tukadhani naye alikimbia na wenzake na bado yuko huko.

*

Jirani yetu Hanka ndiye aliyekuja, pamoja na mumewe Mihal, wakamwingiza wakamlaza juu ya meza ya jikoni. Mihal alirudi mgodini, kwa kuwa wanaume walikuwa bado wamekaa pale wakingoja kuambiwa kama kesho kuna kazi. Mimi niliambiwa nikae chumba cha pili na nisichungulie. Nilichungulia.

Kwetu maiti ya mume iliogeshwa na mke, na uso ulifungwa kwa kitambaa kama umeharibika. Mama alichemsha maji kwenye sufuria ya kabichi, akakata sabuni, akaanza na mikono. Alimgombeza kwa sauti ya chini, kama alivyomgombeza kila jioni akikanyaga sakafu na viatu.

"Nilikwambia paa la chumba chako kule mgodini linadondosha maji. Nilikwambia. Ukaniambia, Verona, wewe pika kabichi yako. Haya, kabichi hiyo hapo. Amka basi ule."

"Shoga, acha," Hanka alisema huku akilia. "Acha kumsema marehemu."

"Nimseme nani? Pritchard?"

Wakamgeuza kifudifudi. Mama akachovya kitambaa, akakipitisha begani, akashuka nacho katikati ya mgongo. Akapitisha tena. Akachukua brashi ya kusugulia sakafu.

"Utamchubua, Verona."

Mama aliinamia brashi. Alisugua, akamwaga maji, akasugua tena, kisha akasimama na brashi mkononi.

"Hanka. Huyu si Ondrej."

"Uchungu huo, shoga yangu. Kaa chini kidogo."

"Njoo uangalie mwenyewe."

Hanka alisogea akaangalia, akaweka mkono mdomoni.

Kila jioni ya maisha yangu ya utoto, mwanamume wa nyumba alipiga magoti kando ya beseni, na mkewe akamsugua mgongo. Mpangaji hakusuguliwa na mwanamke wa nyumba, ilikuwa aibu hata kuitaja. Alijiosha peke yake, akapeleka mkono juu kupitia begani, akapeleka chini kupitia kiunoni, na katikati, pasipofikika, makaa yalibaki. Mwezi hadi mwezi yaliingia ndani ya ngozi yakawa doa jeusi la ukubwa wa sahani. Wanaume walitaniana nalo: "Oa bwana, mgongo huo unanuka ukapera!" Bibi harusi alipewa brashi mpya na shangazi zake mbele ya wageni wote, watu wakacheka mpaka machozi.

"Mgongo wa Ondrej ninauosha mimi," mama alisema. "Ninaujua kuliko uso wangu. Huu haujawahi kuguswa na mwanamke. Huu ni mgongo wa kapera."

Ndipo wote wawili wakageuka kutazama mlango wa chumba cha nyuma, na kile kitanda kitupu.

Mama alimfunika Jurko shuka haraka, mpaka shingoni, kwa haya. "Nisamehe, mdogo wangu," alimwambia. "Nisamehe, sikujua ni wewe." Sasa ndipo alipolia. Alimlilia Jurko kwa sauti, na katikati ya kilio kile furaha ilimtoka bila kujizuia, nami niliiona usoni mwake ikamtisha mwenyewe. Kijana wa watu amekufa juu ya meza yake, naye moyo unamruka. Kisha akashika skati yake akatoka mbio bila shali, mikono inadondosha maji, nami nyuma yake.

*

Meneja Thornley alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi, anavaa glavu zake, gari lake linamngoja. Pritchard alikuwa chini yake, na karani mlangoni. Wachimbaji wetu walikaa ukutani kando ya lango, vichwa chini, mama alipofika.

"Mume wangu yuko ndani," mama alisema. Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia chumvi na kiberiti, lakini hicho kilimtosha.

"Mume wako yuko nyumbani kwako, mama," Thornley alisema kwa upole. Upole ule ndio unaoniuma zaidi ya yote. "Tumemleta."

"Yule ni Jurko. Mpangaji wangu. Anamsaidia mume wangu kupakia makaa."

Thornley alimtazama Pritchard. "Tunaye Jurko?"

"Hatuna, bwana."

"Karani?"

"Hayumo, bwana."

"Basi hawezi kufa mgodini kwetu," Thornley alisema, akafunga kifungo cha glavu.

Pritchard alimjua Jurko. Saa mbili tu nyuma alimtaja kwa kikohozi chake! Alimwona chini kila siku akisukuma mabehewa, na kampuni nzima ilijua kwamba wachimbaji walishuka na wasaidizi waliowalipa wenyewe, kwani bila wao makaa yasingetoka kwa kiasi kilichotakiwa. Lakini msaidizi hakuwa na kibati, na asiye na kibati hakuwepo. Alikuwepo wakati wa kusukuma tu.

"Umejuaje si mumeo?" Pritchard aliuliza. "Hana uso."

"Mgongo."

"Mgongo?"

"Ni mchafu. Hapa katikati."

Karani alicheka kwanza. Pritchard akafuata. Thornley hakucheka, alikuwa mtu wa kanisani. "Mpeni mama huyu maji ya kunywa," alisema. "Halafu mmoja wenu amrudishe kwa watoto wake. Pritchard, kile chumba kizibwe leo hii, paa lake halifai. Sitaki kupoteza mtu mwingine."

"Mtu mwingine yumo humo!" mama alipiga kelele. "Ondrej yumo humo!"

"Vibati vyote viko ubaoni, mama," Thornley alisema, na kwake maneno yaliishia hapo.

Mama aliwapa kisogo. Aliwaendea wanaume ukutani, akasimama mbele ya mzee Pavol, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao na ambaye mgodi ulishamlia watoto wawili.

"Pavol. Nimemwogesha. Ana doa."

"Doa la wapi?"

Mama akapeleka mkono wake mwenyewe nyuma ya bega, vidole vikatafuta katikati ya mgongo, visifike. Akaupeleka kwa chini, visifike. "Hapa," alisema. "Nimesugua kwa brashi, halitoki."

Hakuna aliyecheka ukutani. Mihal, mume wa Hanka, alitema mate yake meusi chini.

"Mgongo wa kapera," alisema.

"Jurko aliingilia wapi?" mwingine akauliza. "Langoni hakupita."

"Kwa mlango wa nyumbu wa mabehewa," Pavol alisema. "Kule hakuna anayehesabu." Akainuka polepole akishika magoti yake, akachukua sururu. Na wote ukutani wakainuka.

Pritchard aliruka akasimama langoni. "Atakayeingia, asirudi kesho! Mmesikia? Kibati chake nakitupa mtoni! Mihal, una watoto watano wewe!"

"Nawajua wanangu," Mihal alisema. "Nipishe."

"Pavol, wewe ni mtu mzima, waambie vijana."

"Nawaambia nini? Wamwache Ondrej humo?" Pavol alimpita kama anavyopitwa mbwa aliyefungwa. Pale ubaoni vibati vilining'inia kwenye misumari, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kuchukua chake. Waliingia bila vibati, sururu na magogo begani. Kwa hesabu za Bwana Thornley, mchana ule mgodi wake haukuwa na mtu ndani.

*

Baba alitusimulia baadaye, mara moja tu, na hakutaka kurudia.

Jurko alimfuata kwa mlango wa nyumbu akiogopa kwamba baba atatafuta msaidizi mwingine. Alifika akitetemeka, maji yanamdondokea kutoka juu, na baba akamtukana, akavua koti lake akamvika. Akamwambia akae pale karibu na njia, apumzike, asiguse koleo. Baba akaingia ndani zaidi kupigilia nguzo. Paa likashuka katikati yao.

Alibaki kwenye uwazi mdogo wa kumtosha mtu aliyelala, mguu mmoja chini ya jiwe. Aliwasikia wakija. Aliona hata mwanga wa taa kwenye ufa. Aliita, lakini kifua kilikuwa kimejaa vumbi na sauti haikutoka, akagonga mwamba kwa nyundo. Akamsikia Pritchard akisema, wazi kabisa: "Huyu hapa Sable, kibati ninacho. Tumemaliza, tokeni." Mtu mmoja akasema, bwana, nimesikia kitu kinagonga. Pritchard akamjibu kwamba ni mwamba unatulia. Baba akagonga tena, na nyayo zikaondoka.

Huyo aliyesikia kugonga alikuwa mmoja wa wale wawili wa gari jeusi. Alisimama kibarazani kwetu asubuhi ile na hakusema neno. Nimejaribu kumwelewa, alikuwa na nyumba ya kampuni kama sisi, lakini nimeshindwa.

Walimtoa baba jua likiwa linazama. Wanawake walikuwa wamesimama langoni mchana kutwa, na Pavol alipotokeza kwanza, macho tu ndiyo meupe, alimwambia mama: "Mgongo wako huu hapa, uje kuuosha." Mama akakaa chini kwenye matope. Mguu wa baba ulikuwa hauna umbo tena, lakini alikuwa akipumua, na akamwita mama kwa jina lake.

Bwana Thornley aliteremka kwenye gari lake. Alimtazama baba kwenye ubao, akawatazama waliombeba.

"Nani aliwaruhusu kuingia?" aliuliza.

*

Jeneza lililetwa asubuhi kama lilivyoahidiwa. Wenye kulileta walitoka karakana ya kampuni, hawakuwa wamesikia lolote. Hanka na mama wakamvika Jurko shati jeupe la baba, wakamlaza ndani ya jeneza, wakamwekea rozari mkononi. Baba alikuwa kitandani ukutani palepale jikoni, mguu umekatwa chini ya goti, homa inampanda. Jurko alikuwa na mama huko kwao Zemplin, mjane, na baba alikuwa akijiuliza kwa sauti atamwandikiaje.

Tulikuwa tumepiga magoti karani alipoingia bila kubisha, na nyuma yake askari wawili wa kampuni.

"Hilo jeneza lilitolewa kwa ajili ya Andy Sable, mfanyakazi," karani alisema. "Andy Sable hajafa."

"Unamwona mwenyewe," mama alisema.

"Basi jeneza linarudi."

Nadhani hakuna aliyeelewa mara moja. Mama alitazama jeneza, akamtazama karani. "Ameshalala humo mtu."

"Si mtu wetu, mama. Nikiacha jeneza likae na mtu asiye wetu, nitaulizwa mimi."

"Mwache!" baba alifoka kutoka kitandani. Alijaribu kuinuka, akasahau kwamba hana mguu, akaanguka nusu chini, na Mihal akamdaka. "Mwacheni kijana! Amekufa ndani ya koti langu!"

"Andy, usijiumize," karani alisema.

Mama alisimama katikati. "Nawaomba," alisema, na sikuwahi kumsikia mama akimwomba mtu wa kampuni kabla ya siku ile. "Nitafua nguo za ofisi. Nitasugua sakafu zenu. Mwacheni azikwe nalo."

Karani alitazama pembeni. Askari walimsukuma mama kando, si kwa nguvu hata, wakamshika Jurko mabegani na miguuni wakamtoa. Wakamlaza sakafuni. Rozari ilimtoka mkononi ikaanguka. Mmoja wao alichukua kitambaa chetu cha sahani, akapangusa ndani ya jeneza pale kichwa kilipokuwa kimelala, akakitupa mezani. Wakabeba jeneza wakatoka nalo, na mlangoni likakwama kidogo, ikabidi waliinamishe.

Tulibaki tukimtazama Jurko sakafuni.

Mama alikwenda kwenye ndoo ya makaa akachukua shoka. Nilifikiri atawafuata. Alikwenda kwenye mlango wa jikoni, mlango wenyewe, akachomeka ubapa wa shoka kwenye bawaba na kung'oa. Ya juu ikatoka, ya chini ikatoka, mlango ukaanguka ndani na baridi nayo ikaingia.

"Verona, huo ni wa kampuni," Hanka alisema.

"Na unatosha urefu," mama alisema.

Hanka aliutazama ule mlango sakafuni. Kisha akatoka, tukamsikia akigonga kwa nyundo kwenye ngazi za kibaraza chake. Mihal akaenda akang'oa ubavu wa banda lao la makaa. Mtaa mzima ukaanza kulia kwa misumari inayong'oka. Mzee Pavol alileta mlango wa choo chake begani, akisema umetumika lakini ni mti mzuri, na palepale, mbele ya maiti, watu wakacheka. Alipiga randa mpaka mchana. Lilikuwa jeneza baya, rangi tatu tofauti, na lilimtosha vizuri.

Tukamzika Jurko.

*

Juma lililofuata tulipewa amri ya kuhama, sisi na wote walioshuka siku ile. Kabla ya kuondoka karani alikuja kukagua nyumba, kama ilivyokuwa desturi, kuona kama kioo kimevunjika au kigingi kimepotea. Alisimama kwenye uwazi wa jikoni, upepo unampeperusha tai.

"Mlango uko wapi?"

"Umechukuliwa," mama alisema. Alikuwa anafunga vyungu kwenye shuka.

"Na nani?"

"Jurko."

Karani alifungua kitabu chake, akalamba penseli. Alikuwa kijana, kazi yake ilikuwa kuandika vilivyopotea na aliyevipoteza, na nafasi ya jina kitabuni haikuruhusiwa kubaki wazi.

"Jurko nani?"

Mama aliacha vyungu. Akamsogelea, akasimama karibu naye kabisa ili aione penseli.

"Jurko Maliniak," alisema. "Usimbadilishe. Andika kama ninavyotamka."

Na baba, kutoka kitandani, akamtajia herufi moja moja mpaka ya mwisho.